Msalaba kwenye Ukuta wa Pélagie

Jumatano ile lituma iliungua, na hakuna mteja aliyelalamika. Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walikaa kwenye mabenchi ya mgahawa wa Pélagie, lituma yao, ndizi ya kupondwa, imepoa kwenye sahani, masikio yote yako kwa redio ya Nassoro, yule anayechaji simu za watu upande wa pili wa barabara. Redio ilisema pesa ya serikali kwa ajili ya barabara ya viwanda imetoka. Itawekwa lami, itachimbwa mifereji ya maji, na kutajengwa trotuari kila upande ili watu wa miguu waache kugombea njia na malori. Kazi inaanza Jumatatu. Kisha ikaja ile sentensi: nyumba zote zenye msalaba mwekundu zimo ndani ya ardhi ya barabara, wenyewe wahame kabla ya siku hiyo, na wasingojee kiwanja wala mabati, maana pesa ni ya barabara peke yake.

Pélagie alisimama na mwiko mkononi. Nyuma yake, kwenye ukuta wa matofali ambao mume wake Alphonse aliujenga kidogo kidogo kwa faida ya samaki anaowaleta kutoka Basoko, kulikuwa na msalaba mwekundu unaomfikia mtu mzima kifuani. Hakuhitaji kugeuka auangalie. Aliujua kila mchirizi, kwa sababu aliupaka yeye mwenyewe.

Ndiyo, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna aliyemshikia panga. Usimcheke kwanza, ngoja usikie.

Mwaka uliopita watu wa mradi walipita Avenue Sabuni na tepu ya kupimia na kopo la rangi. Walipima kutoka katikati ya barabara, na ukuta ulioingia ndani ya kipimo waliuchora msalaba. Walipofika kwenye kona walikuta matanga. Germaine, jirani ambaye Pélagie amepakana naye ukuta kwa ukuta, alikuwa amempoteza mume wake Émile. Lori la magogo lilimbana kando ya barabara, pale ambapo mtu wa miguu hana pa kukanyaga. Basi turubai lilikuwa limefungwa kuanzia kwa Germaine hadi kwa Pélagie, viti vimemwagika mpaka barabarani, jeneza liko kwenye chumba cha mbele, akina mama wanaimba. Na mtu wa Kisangani, hata akija na barua ya mkubwa gani, hakanyagi katikati ya matanga na tepu. Wale mabwana walivua kofia, wakakaa, wakanywa chai, wakatoa pole. Halafu wakaviruka vile viwanja viwili na kuendelea mbele.

Haikupita muda maneno yakaanza. Avenue Sabuni inaweza kukosa maji, inaweza kukosa umeme na bwawa lenyewe liko hapo hapo Tshopo, lakini maneno haijawahi kukosa. Ikasemwa kwamba wenye misalaba watapewa viwanja vingine vyenye hati, na mabati mapya juu yake. Nassoro alikuwa ameyasikia kwa mtu wa ofisi. Mtu wa ofisi aliyasikia kwa nani, hakuna aliyeuliza. Wenye misalaba wakaanza kutembea kwa madaha na kuwasalimia wengine kwa huruma, kama unavyomsalimia mgonjwa. Pélagie akaona kuwa matanga ya jirani yamempitisha bahati mlangoni, na roho ikamuuma.

Yeye na Germaine hawakufichana kitu, hata chumvi ikiisha waliambiana. Kwa hiyo alimwambia.

"Tupake yote mbili," alisema. "Mi ya kwangu, we ya kwako. Nani atajua? Hapa hawakupima."

Germaine alitikisa kichwa. "Mi niko na musalaba moja kule kwenye makaburi. Inanitosha."

"Bon, shauri yako. Siku tutapewa mabati, usikuje kulia kwangu."

"Sitalia. Mi ninataka trotuari tu. Ipite, batoto ya batu batembee bila kufa. Ile ingine, bachukue."

Jumapili iliyofuata Pélagie alisema ana malaria, hakwenda misa. Mtaa ulipokuwa kanisani, akavuta chini ya kitanda kopo la rangi ambayo Alphonse hupakia ubavu wa baleinière yake, ile boti kubwa ya mbao, akachora. Kwa miezi mingi msalaba ule ulimpa raha. Kila asubuhi aliupitia na kuuangalia kama mtu anavyoangalia mbuzi wake mwenye mimba.

Sasa mbuzi amezaa nyoka. Wateja walipoondoka Pélagie alichukua kitambaa na sabuni akasugua. Haikutoka. Akachukua majivu, akachukua mchanga, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Rangi ya kushindana na maji ya mto Congo itaogopa kitambaa? Msalaba uling'aa zaidi, ukawa kama umepakwa jana.

Nassoro alivuka barabara akasimama nyuma yake. "Mama Pélagie, acha. Wanasema mutu anayefuta alama ya serikali, polisi watamubeba."

"Nani anasema?"

"Wanasema."

Pélagie alitaka kumkumbusha ni nani aliyesema habari ya mabati, lakini alitupa kitambaa chini. Alikaa kwenye benchi. Simu yake ikalia, naye alijua ni Alphonse, maana saa ile ndipo boti hufika mahali penye mtandao. Alphonse hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliuliza habari ya watoto, akasema samaki ni wazuri na Jumamosi atakuwa bandarini. Halafu akauliza kama anavyouliza siku zote, kabla ya kukata, "Na nyumba?"

"Nyumba iko," alisema Pélagie.

"Iko muzuri?"

"Iko."

Akakata simu. Alphonse hajui. Aliporudi mjini mara ya kwanza na kuuona msalaba, Pélagie alimwambia ni watu wa mradi, na Alphonse alishinda akiyapapasa yale matofali, maana aliyachoma mwenyewe, moja moja. Kisha akasema, haya, kama ni kiwanja chenye hati, haya. Sasa Jumamosi atakuja na samaki wake, atauliza kiwanja kiko wapi.

Kesho yake asubuhi alijifunga kitenge kizuri akapanda toleka, akakaa nyuma ya baiskeli ameshikilia moyo, mpaka kwenye hema la injinia wa barabara karibu na mashine ya mbao. Injinia aliitwa Landry, mtu wa Bukavu, mpole, macho mekundu kwa vumbi. Alimpa kiti. Pélagie akamwaga yote, la malaria na la misa na la kopo la rangi. Hakubakisha kitu, na alipomaliza alikuwa anatoka jasho.

Landry alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo bila ubaya.

"Maman, wewe si wa kwanza. Tangu redio iseme, kila mwenye msalaba anakuja kuniambia wake ni wa uongo. Papa mmoja aliniambia wake umechorwa na wachawi. Walipodhani kuna mabati, hakuna aliyekuja."

"Lakini yangu ni kweli ni ya uongo," alisema Pélagie.

"Wote wanasema hivyo."

"Basi angalia kwenye makaratasi yako."

"Makaratasi ya nani? Waliopima ni kampuni nyingine. Pesa ilichelewa, wakaondoka na makaratasi yao. Mimi nimeachiwa barabara na misalaba. Mashine inafuata misalaba." Alijipangusa uso. "Bon. Nitafutie shahidi, mtu asiye wa ukoo wako. Na hiyo rangi, kama bado unayo, ionyeshe. Kesho nitapita hapo kwenu mwenyewe."

Ukweli ni mgumu kuuza ukishafika sokoni baada ya uongo. Pélagie alirudi kwa miguu ili apate kufikiri, na malori yalimpita yakimrushia matope, naye hakuyaona. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani. Alimkuta Germaine uani anatwanga pondu, majani ya muhogo.

Germaine hakungoja aombwe mara mbili. "Kesho nitasema," alisema.

"Utasema nini?"

"Kweli. Ya kama siku ile hawakupima, juu ya matanga ya Émile. Ya kama we ulijifanya mugonjwa, na mi nilitoka misa nikakuletea supu, nikakuona na rangi ndani ya kucha. Nikajua ile malaria iko nyekundu."

Pélagie alicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatano. Germaine naye akacheka, mchi ukasimama. "Na injinia akikubali," akaongeza, "nitakusaidia kuipangusa. Na petroli. Ile rangi ya boti inaogopa petroli tu, Émile alikuwa anasema."

Pélagie alikuwa bado anacheka alipogeuza macho kuelekea barabarani, na hapo ndipo alipoiona kona. Ameiona kila siku ya maisha yake ya ndoa, lakini leo aliiona. Avenue Sabuni inakuja imenyooka kutoka bandarini, ikifika pale inapinda kama kiwiko, na kile kiwiko kinaisukuma nyumba ya Germaine, chumba cha mbele. Nyumba ya Pélagie imerudi nyuma kidogo. Na mtu akiambiwa kwamba mahali hapajapimwa, atafanya nini? Atapima.

 Alifungua mdomo ili amwambie Germaine, akaomba chumvi. Germaine akampa chumvi. Baada ya kidogo akafungua mdomo tena, na safari hii akasema kwamba pondu ya siku hizi imekuwa chungu. Halafu akaaga akaenda nyumbani, amekunja chumvi ya watu kwenye ncha ya kitenge, naye chumvi alikuwa nayo tele.

Usiku ule hakupata usingizi. Alijisemesha mwenyewe kama wakili. Labda injinia atauliza tu, hatapima. Ana haraka yule, uso wake umechoka. Na labda kiwiko hakifiki mbali hivyo, macho hudanganya. Na kama Germaine ataambiwa sasa akanyamaza, nani atasema? Alphonse na watoto watalala wapi? Germaine ni mmoja, sisi tuko wengi. Hilo la mwisho lilimtia haya yeye mwenyewe, akageukia ukutani.

Landry alikuja Ijumaa, jua limeshapanda. Alikuja na mfanyakazi wake Israël, mtu mnene mwenye fulana ya manjano na tepu ya kupimia kiunoni. Pélagie alikuwa ameliweka kopo la rangi juu ya benchi, na brashi juu yake. Nassoro akaacha simu zake akasogea, na watu wa kiwandani wakasimama na sahani zao.

"Shahidi ndiye huyu?" aliuliza Landry.

"Ni mi," alisema Germaine. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alisema yote, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Alisema la kucha na la supu, watu wakacheka, na Landry mwenyewe akatabasamu. Pélagie aliona kwamba anaaminiwa. Aliona nyumba yake inarudi mikononi mwake.

"Sawa, nimekubali," alisema Landry. "Lakini sijaelewa kitu kimoja. Kwa nini wale wa kwanza hawakupima hapa?"

Pélagie alishika ukingo wa benchi. Kama kulikuwa na saa ya kukohoa, ya kumwaga sufuria, ya kuanguka chini na malaria ya kweli, ilikuwa ile. Hakufanya lolote.

"Juu ya matanga," alijibu Germaine. "Bwana yangu alikuwa analala mule, ndani ya sanduku. Bale batu walikuwa na adabu. Walitupa pole, wakaruka kwa Pélagie na kwangu."

Landry alivua kofia yake ya plastiki. "Pole sana, maman."

"Asante."

"Donc hapa pote hapajapimwa."

"Papa injinia," alisema Pélagie, na sauti yake ilitoka nyembamba, "mi nilikuita juu ya ukuta yangu tu."

"Nimesikia, maman. Lakini barabara haipimwi nusu." Akamwashiria Israël.

Israël alisimama katikati ya barabara, matoleka yakimkwepa na kumpigia kengele. Landry alivuta tepu mpaka kwa Pélagie. Alama ilianguka kabla ya ukuta, ikabaki nafasi ya kuweka benchi na mtu akapita. Landry akasema, "Huu umetoka. Futa msalaba wako, maman, na usichore tena mambo ya serikali." Watu wakacheka. Pélagie alihisi pumzi iliyokwama tangu Jumatano inatoka yote, na alifurahi. Mungu amsamehe, alifurahi kabisa.

Halafu wakahamia kwa Germaine. Tepu ilifika ukutani na bado ilikuwa na safari. Israël aliikandamiza ncha ya tepu kwa jiwe barabarani, akazunguka akasimama mlangoni, na kwa sababu mama yake alimlea vizuri, akabisha.

"Hodi."

"Karibu," alisema Germaine, kama mtu yeyote angesema.

Akaingia, na Landry akampitishia tepu dirishani. Wote waliokuwa nje waliiona ikinyooka ndani ya chumba cha mbele, juu ya viti, chini ya picha ya Émile, hadi karibu na ukuta wa nyuma. Sahani ya mtu ikaanguka. Nassoro akaangalia viatu vyake.

"Lami haitakufikia, maman," alisema Landry. Hakuwa anacheka tena. "Ni trotuari. Trotuari ndiyo itapita hapa. Chumba cha nyuma na jiko vitabaki."

"Trotuari," alisema Germaine.

"Ndiyo, maman."

Germaine alitazama barabara pale ambapo lori lilimbana Émile. Si mbali, ni mwendo wa kutema mate. 

Landry aliuliza rangi iko wapi. Israël akasema iko kwenye gari, na gari limeenda upande wa mashine ya mbao. Wakaangaliana. Kisha macho ya Landry yakashuka kwenye benchi.

"Maman, hiyo rangi yako bado ni nzuri?"

"Imekauka," alisema Pélagie.

Israël alichokoa kifuniko kwa ufunguo. Rangi ilikuwa mbichi, nyekundu, inang'aa.  Alichovya brashi, brashi ile ile, akaenda akachora msalaba kwenye ukuta wa Germaine, wima kisha ulalo, kwa mkono uliozoea kazi. Ulikuwa msalaba mzuri kuliko wa Pélagie. Alipomaliza alifuta mdomo wa kopo kwa kidole, akafunika, akamrudishia Pélagie kwa mikono miwili.

"Merci, mama," alisema.

Naye Pélagie akapokea. Injinia na mtu wake wakaenda, wafanyakazi wakakumbuka kengele ya kiwanda, Nassoro akarudi kwa simu za watu. Wakabaki wale wanawake wawili mbele ya kuta mbili.

"Sasa niko na mbili," alisema Germaine.

Akaingia ndani. Pélagie alidhani amekwenda kulia, na alitaka sana alie, ili naye apate ruhusa. Lakini Germaine alitoka amevua nguo ya kanisani, amejifunga kitenge cha kazi, ana chupa ya petroli na kitambaa. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa Pélagie, akaloweka kitambaa, akaanza kusugua kuanzia juu. Kweli ile rangi iliogopa petroli. Ilianza kutiririka chini kama maji ya nyanya.

"Germaine, acha. Nitafanya mi mwenyewe."

"Nilikuambia nitakusaidia."

Pélagie alichukua upande wa pili wa kitambaa, wakasugua pamoja, harufu ya petroli ikiwapanda puani. Barabarani lori la magogo lilipita na kutikisa mabati. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni tangu jana, na sasa, siku ambayo hayakuwa na faida tena kwa mtu yeyote, yalitoka.

"Ndeko yangu, mi niliona ile kona. Jana, wakati tulikuwa tunacheka. Nilijua watapima."

Mkono wa Germaine ulisimama. Ulisimama kiasi cha petroli kutiririka mpaka kwenye kiwiko na kudondoka chini. Hakugeuka. Kisha mkono ukaanza tena, polepole, pale pale ulipoachia.

"Petroli imeisha," alisema. "Lete ingine."

Pélagie akaenda kuleta.